Gari Jekundu la Mzee Jaku

"Mbuzi wawili!" mama alifoka, akaninyoshea vidole viwili utadhani sijui kuhesabu. "Asmaa, mbuzi wawili wazima, unawapeleka kwa watu wanaokusanyika kutazama magari yao wenyewe!"

Hakukosea. Kiingilio cha mkutano wa wenye magari ya spoti, pamoja na fulana na chakula, kilikuwa bei ya mbuzi wawili walioshiba. Lakini nilishalipa, na mimi nikishalipa sirudi nyuma. Ndivyo nilivyoumbwa.

Gari lilikuwa la marehemu baba, Mzee Jaku, Mpemba aliyekuja Tanga na biashara ya karafuu asirudi tena. Jekundu, milango miwili, likiwashwa mtaa wetu wote wa Makorora unajua. Baba alipofariki mama alilifunika turubai, na hakutaka hata kulitupia jicho. Sasa alikuwa amepata mteja, Zebedayo wa Maramba, aliyetaka injini tu aifunge kwenye mashine yake ya kusaga mahindi. Gari la baba lisage mahindi! Nililia kwa hasira mpaka mama akalegea kidogo.

"Haya, nakupa siku moja," alisema. "Na miye nakuja. Nikiona mbuzi wangu hawakupotea bure, gari lako. Wakipotea, kesho Zebedayo aje alikokote."

Basi Jumamosi tukatia timu Usagara, kwenye uwanja tuliopangiwa kukutana. Jamani! Yalikuja magari kutoka Arusha, Moshi na Dar, ya manjano, ya buluu, mengine yamelala chini hata paka hapiti. Injini zinanguruma, muziki unapigwa, moyo wangu unadunda kuliko spika. Mama alikaa kiti cha mbele na buibui lake, mkoba mapajani, uso kama aliyekuja kudai.

"Yule kafungua boneti," alisema. "Na huyu kafungua boneti. Kwani walidhani mwenzao hana injini?"

Wilfred, mwenyekiti wa chama, alikuja kumsalimu kwa adabu zote za Arusha. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pilau iko wapi?"

"Chakula ni ufukweni, mama, baada ya msafara."

Mama alinigeukia, akaninyoshea vile vidole viwili tena. Nikajua gari linakwenda kwa Zebedayo.

Kwa kuwa mimi ndiye mwenyeji, nilipewa kuongoza. Tukatoka kwa mstari, mimi mbele na gari jekundu, nyuma yangu magari yanameremeta mpaka mwisho siuoni. Nilikata njia kupitia Makorora makusudi. Kama ni safari ya mwisho ya gari la baba, basi mtaa wake ulione. Sikuona haya, nilitamani hata nipige honi.

Sikuwahi kuipiga. Pale kwenye kona palikuwa na pikapu imebeba matarumbeta, imeegeshwa inangoja. Mzee Noa, mpiga tarumbeta, alipotuona tu aliruka juu, akapiga ubavu wa pikapu kwa kofi, nayo ikajitia mbele yangu, tarumbeta zinalia na ngoma inatetema.

Simwoni Noa na kosa. Enzi za baba, mtaani kwetu hakuna bibi harusi aliyetoka nyumbani ila ndani ya gari la Mzee Jaku. Baba hakuchukua hata senti, alipewa sahani ya pilau basi. Gari jekundu mbele na magari nyuma ni harusi, nani aulize? Na matarumbeta yakishatangulia, hakuna wa kuyapita. Magari yote yale ya mbio yakatambaa nyuma ya pikapu, watoto wanatupita kwa miguu.

Wilfred alinipigia simu. "Asmaa, hii ndiyo njia ya ufukweni?"

"Washa taa ufuate!" nilimjibu, nacheka mpaka machozi.

Pikapu ilisimama nyumbani kwa Mama Praxeda, ambako mimi na mama tulikuwa tumealikwa karamu ya harusi jioni ile. Binti yake Ritha alikuwa kakaa kizingitini na shela lake, wanja umemwagika mashavuni. Gari lililokodiwa limeharibikia Muheza, na padri anangoja. Praxeda alitukimbilia, akamshika mama mikono yote miwili dirishani.

"Wanu! Tangu Jaku atutoke niliogopa kukuomba gari. Kumbe hukuniacha!"

Nilifungua mdomo nieleze. Mama alinifinya paja.

"Tumechelewa kidogo tu, shoga yangu," alisema. "Wageni wangu hawa walikuwa wanafunguafungua maboneti."

Akashuka, akamwachia Ritha kiti cha mbele, naye akajikunja kiti cha nyuma pamoja na Praxeda, magoti yamewafika kidevuni. Vigelegele vikapasuka. Wilfred na wenzake walikuwa wameshaelewa, wakapiga honi zote kwa pamoja. Nikakanyaga mafuta, gari likanguruma kama zamani, na kwenye kioo nikamwona mama analia na kucheka pamoja. "Jaku," alikuwa anasema, "Jaku wangu, unasikia?" Nami nikalia, nikifuata tarumbeta.

Ritha tulimfikisha kanisani, ila ufukweni hatukufika. Chama kizima kiliishia karamuni kwa Praxeda, fulana mpya zimelowa mchuzi, na Wilfred anacheza na mashangazi wa bibi harusi. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Simu ya mama iliita katikati ya pilau. Zebedayo.

"Gari?" mama alisema kwa sauti ya watu wote wasikie. "Halipo. Lina harusi. Kesho? Kesho pia lina harusi. Mashine yako itafutie punda."

Akakata simu, akalamba vidole, kisha akaninyoshea viwili.

"Mwakani," alisema, "mbuzi natoa miye."