Aliyemtangulia Huyu

Swali lilitoka kwa wataalamu wa takwimu wa Dar es Salaam, mwaka wa 1975, na lilikuwa moja tu. Kila mama aliyejifungua kwenye wodi yetu ya wazazi hapa Muleba aulizwe: mtoto aliyemtangulia huyu, yuko hai au amekufa? Kwa majibu hayo wangekadiria ni watoto wangapi wa mkoa wetu wanaofikisha miaka miwili. Nilinuna. Nina wazazi wawili kitanda kimoja, maji ya kuteka bondeni, halafu niwe na karani wa serikali pia!

Siku ya kwanza tu, kununa kukaisha. Mama mmoja alijibu "amekufa", wa pili "yuko hai", wa tatu "amekufa", kwa sauti ileile ya kuomba chumvi. Nilishtuka hadi nikakaa kitako. Miaka yote nilijivunia watoto waliotoka mlangoni kwetu wakilia vizuri, wamefungwa kanga. Walikoishia, hakuna aliyerudi kuniambia. Kumbe ni surua, ni malaria, ni kuhara, nami nilidhani kwa kuwa kijiji cha ujamaa kimepata zahanati, kazi imekwisha.

Nilizoea kuuliza asubuhi, kitanda hadi kitanda, na wanawake wakazoea. "Kaeni sawa, Nesi Felicitas anakuja na swali lake," walinitania. Kila jibu wodi nzima ililisikia.

Asubuhi moja Protase, mkulima wa Ngenge, alinisubiri nje na baiskeli yake. Mkewe, Kemilembe, alikuwa amejifungua jana yake mtoto wa kike, akatoka damu nyingi hata tabibu akaagiza asinyanyuke wala asishtuliwe. Nikadhani baba amekuja kumwona mtoto.

"Nesi, Datius amefariki," aliniambia. "Surua."

Datius ndiye aliyemtangulia huyo mchanga. Alikuwa ameachwa kwa bibi yake.

"Mama yake asijue," akasema. "Mzazi haambiwi msiba mpaka apate nguvu. Akisikia leo, nitazika wawili."

Nilimwahidi, tena nikamkataza kuingia, maana uso wake ungesema kila kitu.

Nikaingia na karatasi zangu kama kawaida. Nisingeuliza kabisa, wangetaka kujua kuna nini. Kitanda cha kwanza, yuko hai. Cha pili, yuko hai. Cha tatu, amekufa, kwa kuhara, wakati wa mavuno ya kahawa. Nilipofika kwa Kemilembe nilimgusa mtoto paji la uso, nikamsifu anavyonyonya, nikapita kwenda kitanda kinachofuata. Nilijiona nimeweza.

"Nesi." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Wote umewauliza. Mimi umeniruka."

"Wewe pumzika, mama. Nitarudi."

"Hata yule mwenye homa jana ulimwuliza. Niulize na mimi."

Nilijiona mjinga wa mwisho. Kumnyima swali lilikuwa jibu tosha, na kila mwanamke pale ndani alishaelewa. Nikarudi kwake, nikalisoma kama lilivyoandikwa, kwa sauti ambayo sikuitambua: mtoto aliyemtangulia huyu, yuko hai au amekufa?

Hakulia. Alimtoa mtoto kwenye ziwa, akamlaza pembeni polepole, akanitazama machoni.

"Nilimwacha na homa, lakini hai," akasema. "Tangu hapo wewe ndiye unayejua. Niambie, ndipo nikujibu."

Nikamwambia.