Maumivu ya Gamra

Siku ya maonyesho ya farasi Neziha alifika uwanjani mapema. Alinyunyizia vumbi maji, akakaza kamba za uzio zilizolegea, akajibandika kifuani utepe wa kijani wa wanaojitolea. Mwaka mzima aliuza nyuzi na vifungo katika kiduka alichoachiwa na marehemu mumewe, na wateja walimwita "wewe mama" bila kuinua macho. Siku hiyo moja ndiye aliyeshika geti la farasi, na hata matajiri kutoka mji wa Kairouan walisubiri mpaka afungue.

Lazhar, mwenyekiti wa kamati, alimwita nyuma ya mabanda. Gamra, farasi wake jike, alikuwa ameinua mguu wa mbele wa kushoto na hataki kuukanyagia. Daktari wa mifugo alishakuwa na sindano ya ganzi mkononi.

"Hebu nishikie kichwa chake, Neziha. Wewe anakupenda."

"Si apumzike tu, bwana Lazhar?"

"Atapumzika jioni. Watu wote hawa wamekuja kumwona yeye. Au unataka geti nimpe mtu mwingine?"

Alisema kwa utani. Neziha akashika hatamu, akamwimbia Gamra sikioni mpaka sindano ikatoka. Gamra akashusha mguu, akaingia uwanjani, akashinda kombe.

Maumivu yenyewe hayakuisha. Yalitoka mguuni mwa Gamra, yakazungukazunguka mabandani yakitafuta pa kukaa, mwisho yakaingia mguu wa kushoto wa Mongia, rafiki yake Neziha, aliyekuwa akichemshia chai watu wa kujitolea. Mongia aliweka birika chini, akakaa juu ya kreti.

"Mguu huu si wangu," alisema. "Unatamani nyasi."

"Wa farasi gani?" aliuliza mkaanga briki, zile sambusa za yai, huku akigeuza moja mafutani.

"Nitajuaje? Farasi mkubwa."

Daktari alikuja kumtazama. Alisema hutokea, ganzi haiui maumivu, huyafukuza tu. Alimpa dawa ya kuchua akaenda zake. Neziha aliyasikia hayo yote akiwa getini, akaendelea kufungua na kufunga.

Baada ya hapo alikwenda kwa Mongia kila jioni kumchua.

"Mungu akulipe, dada yangu," Mongia alikuwa akimwambia. "Watoto wangu mwenyewe hawanishughulikii hivi."

Neziha aliendelea kuchua, uso ameuinamisha.

Siku ya hina ya binti yake, Mongia alikaa kitandani kwa nguo zake nzuri, analia. Hatacheza harusi ya mwanawe. Neziha alifunga mlango.

"Nipe," akasema.

"Nikupe nini?"

"Mguu huo. Nipe mkono wako."

Wakashikana mikono. Maumivu yakapanda, yakapita kiganjani, yakashuka kwenye mguu wa Neziha, yakatulia. Mongia alicheza mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani. Mbele ya wageni wote alimkumbatia Neziha, akamwekea sahani ya kuskusi yenye nyama nyingi kuliko zote. Neziha alikula yote, na hakumwambia maumivu yalitoka wapi wala nani alishika hatamu.

Alijaribu kuyarudisha. Alichechemea hadi zizini kwa Lazhar, akaweka kiganja shingoni mwa Gamra, na maumivu yakarudi nyumbani kwao. Gamra alitetemeka, akainua mguu, akamtazama. Neziha alijiambia vizuri, sasa wataona ni mgonjwa, watampumzisha. Lakini Lazhar alikuja, akaona, akatoa simu yake kumwita daktari na sindano.

"Mwache," Neziha akasema. Akarudisha kiganja, akayachukua tena. Asingeyachukua, yangekwenda kumtafuta Mongia mwingine.

Lazhar alimwangalia Gamra akikanyaga vizuri, halafu akamwangalia Neziha alivyosimama kwa mguu mmoja.

"Kumbe!" alisema, na furaha yake ilikuwa ya kweli. "Wewe ndiye mtu wa kujitolea hasa."

Alimtumia dumu la mafuta ya zeituni. Neziha alilipokea.

Majira yote ya baridi Gamra alifanyishwa mazoezi kwa mguu usioweza kumwonya. Alipopigishwa mbio, Neziha alishika meza ya duka kwa mikono miwili, na wateja walingoja kimya mpaka amalize. Kisha walitaja rangi ya uzi wanaoutaka.

Maonyesho yaliyofuata, Lazhar alimwekea kiti getini, chenye mto. Mongia alimletea chai, akamuuliza kama amekula. Gamra aliingia uwanjani shingo juu, mkia juu, na watu wakasimama kumshangilia. Kwenye kona ya kwanza mfupa wa mguu wa farasi ulikatika.

Gamra hakuhisi kitu. Aliendelea kukimbia kwa madaha yaleyale, ila kwato moja ilikuwa inaangalia upande mwingine. Getini, Neziha alianguka kutoka kitini, ameshika mguu.

"Umevunjika," Mongia alisema, akapiga magoti kumshika. "Umevunjika, dada. Mguu wa nani huu?"

Neziha aligeuza uso uwanjani.

Lazhar alikuja mbio akainama sikioni mwa Neziha. "Vumilia kidogo tu, mama. Majaji wanamwandikia alama Gamra. Bado mzunguko mmoja."

Gamra alizunguka, akaja kupita getini, karibu kabisa, jasho likimtoka. Mkono wa Neziha ungemfikia. Angemgusa tu, maumivu yangerudi, farasi angesimama palepale, mbele ya watu wote, na kila mtu angeona mguu ule na kuuliza.

Neziha aliuingiza mkono chini ya shali, akaukalia. Gamra akapita. Watu walipiga makofi, na Mongia, aliyekuwa bado amempakata rafiki yake, naye alipiga.