Kijiti juu ya E

Dawa ya kifafa ya mujukuu wangu Suwilanji ilibakia vidonge vitatu, na kila siku anameza kimoja. Lori ya dawa inakuja siku ya ine. Kama komande ya kiliniki ya kuomba dawa haifike kwenye depo ya Mansa mbele ya saa sita ya leo, lori itatupita, tungoje mwezi muzima. Saa tano nilikuwa nimekaa pale ofisini, na kompyuta inakataa.

"Inasema schema haionekane!" Febby, karani wa kiliniki, akamupigia André kelele. "Umeiweka wapi, weye?"

Schema ni karatasi ya mufano ndani ya kompyuta. Inaonyesha jina ya dawa inakaa wapi, hesabu inakaa wapi. Bila ule mufano programu haiwezi kupima komande, inairudisha tu. André, Mukongomani wa kambi ya wakimbizi ya Mantapala, ndiye aliingiza programu jana.

"Iko ndani ya folda yake," akajibu. "Nilitengeneza folda na mikono yangu, nikaiita jina ileile."

"Nimetafuta mara kumi. Schema, schema, hakuna! Labda umevuka nayo ziwa, umeiuza kule kwenu Kongo."

"Na weye macho yako yanaona tu samaki ya bure, kazi hayaione."

"Kitendawili!" nikasema, ili wapoe. Sikungoja waseme tega. Nikajitegea mwenyewe: "Mbuzi yangu, jirani anaiita, inakataa, mwenyewe naiita, inakuja."

"Bamama, mutoto wenu anakosa dawa, nanyi munacheza?" Febby akanigeukia.

"Jibu ni jina, mama," nikamuambia. " Kila mutu analiita kwa kinywa yake. André, andika ile jina ya folda hapa."

Akaandika kwenye kadi ya kiliniki ya Suwilanji: *schéma*. Juu ya e, kijiti.

Febby akainama. "Hiki nini? Inzi amekunya?"

"Ni Kifaransa. Ndivyo tunaandika."

"Programu ni Mufaransa? Inatafuta bila kijiti, sawa mimi!"

Akafuta kijiti kwenye jina ya folda, akatuma tena. Komande ikapita, saa sita kasoro dakika nane. Nikapiga vigelegele peke yangu.

"Sema merci, asante ya kwetu," André akamuambia.

"Merci ya kunitesa asubui yote? Toka mu ofisi yangu."

André akabeba sakoshi, mufuko wake wa kazi, akabamiza mulango mupaka dirisha ikalia. Febby akanipa karatasi ya namba ya foleni bila kunitazama.

"Murudi siku ya ine, bamama. Yeye asirudi."