Shukrani kwa Bwana Koti

Mwalimu alikuwa amefika kwenye kitenzi "put", na meza ilikuwa imemwishia. Kadi zilizobaki alizipanga kitandani, juu ya shuka alilolinyoosha kwa viganja, na nyingine kwenye kiti ambacho mume wake angekihitaji jioni. Kila kadi ilikuwa na sentensi moja ya Kiingereza, na chini yake, kwa wino mwekundu, nani aliisema na wapi. Dereva wa lori, akigomba kwenye simu. Muuguzi, mlangoni mwa wodi. Mtangazaji wa redio, mechi ikielekea ukingoni.

Kiingereza alijifundisha mwenyewe ukubwani, kisha akaanza kuwafundisha wengine jioni, watu wa hotelini na wa maghalani, na kila darasa lilikwama palepale. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mzigo wake mwilini: pika, pikia, pikiwa, pikiana. Cha Kiingereza hutembea na kijineno nyuma yake, na kijineno kikibadilika, safari nzima imebadilika. "Put off" ni kuahirisha, "put out" ni kuzima, "put up with" ni kuvumilia. Kamusi iliwaambia wanafunzi wake kinachowezekana kusemwa. Haikuwaambia watu husema nini hasa wakiwa na haraka, wakiwa na hasira, wakiwa wamechoka. Hicho ndicho kitabu alichotaka kukitoa, na ukurasa wake wa kwanza ulikuwa umekwisha kuandikwa: kila sentensi iliyomo humu imetoka kinywani mwa mtu. Ahadi hiyo ndiyo iliyokitofautisha kitabu chake na kamusi. Mpiga chapa alikuwa akimsubiri.

Nusu ya kadi hakuziandika yeye. Ziliandikwa na wifi yake, dada wa mumewe, aliyekuwa akikaa mapokezi katika nyumba ya wageni na kusikia Kiingereza cha kila aina kutwa nzima. Kila Jumamosi alikuja na kadi mkobani, na maneno yakiwa yameanza kabla hajavua viatu.

"Wifi, ukizidi kukodoa macho hivyo yatakudondokea kwenye boksi la kadi."

"Yakidondoka utayaokota. Leo umeniletea nani?"

"Nani tena? Mume wako wa pili."

Huyo mume wa pili alikuwa Bwana Koti, mgeni mzee aliyerudi kila baada ya miezi michache na kuvaa koti zito hata jua likiwaka. Bwana Koti aliongea kama bomba lililopasuka. Hakuweza kuvumilia feni ya chumbani: "I can't put up with that fan." Alimwambia mpishi asimkatishe hamu ya chakula. Siku moja, akiegemea kaunta, alisema kuhusu mbwa wake aliyekufa, "I never got over that dog", yaani machungu yake hayajamwisha. Kadi hiyo mwalimu aliisoma, akaenda jikoni kufuta macho kwa upindo wa kanga. Wifi alimcheka hadi akajishika mbavu.

Sasa, akiwa amezungukwa na "put", aliona jinsi mzee huyo alivyojaa mle ndani. Sentensi zilizochangamka kuliko zote zilikuwa zake. Haikuwa haki kumwita Bwana Koti kwenye ukurasa wa shukrani kama mtoto anayemtania mtu barabarani. Wifi alikuwa amesema mgeni hapendi kusumbuliwa, lakini kuulizwa jina lake tu, nani angekataa? Mwalimu akaziacha kadi zilivyo, akafunga mlango, akatembea hadi nyumba ya wageni. Alitaka pia kumshangaza wifi yake.

Kwenye kaunta alikaa msichana asiyemjua.

"Shikamoo mama. Nikusaidie?"

"Marahaba, mwanangu. Namtafuta mgeni mmoja, mzee, anavaa koti zito wakati wote. Huja mara kwa mara."

Msichana akafikiri kwa bidii, kama mtu anayetaka kweli kusaidia. Kisha akamwita mlinzi, na mlinzi akamwita mhudumu wa vyumba. Wote watatu walisimama wakitafuta koti vichwani mwao.

"Mama, mimi nipo hapa tangu nyumba inafunguliwa," mlinzi alisema. "Mtu wa koti kwenye joto hili ningemkamata kwanza, ndiyo nimuulize."

Walicheka. Mwalimu naye akacheka kidogo, kwa adabu. "Basi niitieni wifi yangu. Yeye ndiye anayemjua. Anakaa hapa mapokezi."

Kicheko kikakatika. Msichana wa kaunta akatazama kalamu yake.

"Yule dada yupo kule nyuma, mama. Kwenye kufulia. Siku nyingi sasa."

Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma ya jiko, kimejaa mvuke. Wifi yake alikuwa amempa mgongo, akikamua shuka na mwenzake, kila mmoja akisokota upande wake. Alipogeuka akamwona, shuka likamponyoka mikononi, likaanguka sakafuni. Ilikuwa mikono iliyobabuka. Mwalimu aliwahi kuiulizia, akaambiwa ni sabuni ya vyombo vya nyumbani.

"Wifi," alisema yule dada. "Umekuja."

"Tangu lini uko huku?"

"Walitaka sura mpya kaunta. Sikutaka kuwasumbua."

"Na Bwana Koti?"

Mwenzake aliokota shuka, akatoka nalo nje bila kuambiwa.

"Hayupo," wifi alisema.

"Ameondoka?"

"Hayupo, wifi. Hajawahi kuwepo."

Mwalimu akashika ukingo wa sinki. Kati ya maswali yote aliyokuwa nayo, lililotoka lilikuwa dogo kuliko yote.

"Hata mbwa?"

"Hata mbwa."

Maji yalikuwa yakichuruzika mahali fulani. Wifi akajifuta mikono kwenye aproni, akaifuta tena.

"Lakini sentensi ziko sawa. Wallahi, kila moja niliipekua kwenye kamusi kwanza."

"Kamusi ninayo mimi," mwalimu alisema, kwa sauti ileile ya upole aliyoitumia darasani. "Ningekuwa nataka kamusi, nisingekuhitaji wewe."

"Huku nyuma hakuna anayeongea Kiingereza, wifi. Wanaongea na mashine. Ningekuja Jumamosi na nini mkononi?"

"Ungekuja ukakaa."

Mwalimu alipofika mlangoni akasimama.

"Kaka yako anajua uko huku?"

"Anajua. Alisema nikuambie mwenyewe."

Njiani kurudi mwalimu alimtafutia kila mmoja wao udhuru, maana ndivyo alivyozoea kufanya, na kila udhuru ulikuwa mzuri, na hakuna hata mmoja uliomsaidia. Alikuwa amemlilia mbwa. Wawili waliokaa naye kwenye meza moja wakamwacha alie.

Mume wake alipoingia alikuta kiti chake kina kadi, akasimama. Alimtazama mkewe usoni mara moja tu, akajua.

"Nilidhani atakuambia," alisema.

"Chakula kiko jikoni," mwalimu akajibu, bila kuinua kichwa.

Tatizo lilikuwa kwamba kadi hazikuwa na tarehe. Mwandiko ulikuwa mmoja, wino mmoja. Za Bwana Koti zilijitambulisha zenyewe, hizo alikwisha kuziweka kando. Lakini zilizobaki, yule mama mwenye mizigo, yule kijana wa vipimo vya ardhi, nani kati yao alipumua? Mtu pekee aliyeweza kumwambia ni yule aliyemdanganya.

Mtu huyo alikuja kabla jua halijazama. Alivua viatu kimya. Mwalimu hakumkaribisha wala hakumfukuza, alimsogezea tu rundo la kadi. Wifi akachukua ya juu.

"Hii ya kweli. Mama wa mizigo, alikuwa amekasirika, teksi imemwacha." Akaiweka kulia. "Hii nimetunga." Kushoto. "Hii kweli. Hii..." Aliishika muda mrefu, akaisogeza karibu na dirisha. "Hii sikumbuki."

"Kumbuka."

"Nimezisema sana kichwani, wifi. Nyingine nawaona kabisa, sura na viatu, na bado sijui."

Mwalimu akaichukua ile kadi mkononi mwake, akaiweka katikati, peke yake. Ikafuatwa na nyingine, na nyingine. Walipomaliza "look" rundo la katikati lilikuwa limeyapita yote mawili kwa unene.

"Na hii ya kulia," mwalimu alisema, "nitajuaje kwamba ni ya kweli?"

Mwanga wa dirishani ukawa hautoshi kusomea mwandiko. Mwalimu akaweka kijiko juu ya kila rundo, upepo usije ukayachanganya. Vitenzi kuanzia "make" bado vilikuwa havijaguswa.

"Kesho nikitoka kazini nipitie?" wifi aliuliza, akiwa amekwisha kuinamia viatu vyake.

"Pitia," mwalimu alisema. "Nitampigia simu mpiga chapa asubuhi, nimwambie bado."

Akakichukua kile kiti chenye kadi, pamoja na kadi zake, akakisogeza ukutani ili apate njia ya kumfungulia mlango.