Theodori Kuruta

Asubuhi hiyo Evaristos, karani kijana wa Jenerali Petronas, alikuwa na furaha ya mtu anayekaribia kutimiza ahadi. Barua zote zilikuwa tayari. Zikishapigwa muhuri tu, wanajeshi wa ngome zote za mkoa wa Kharsiano wangerudi makwao kuvuna ngano kabla mvua ya mawe haijaiwahi. Aliwaahidi yeye mwenyewe, na pale uani walishaanza kuwafunga punda mizigo.

Ndipo fundi Kyriakos akaleta koleo jipya la chuma la kupigia mihuri. Lile la zamani lilivunjwa Petronas alipopandishwa cheo, kama desturi ilivyo, mtu asije akalitumia vibaya. Evaristos akapitisha uzi wa barua ya kwanza kwenye kidonge cha madini laini ya risasi, akakibana kwa koleo, fundi akagonga nyundo. Upande mmoja likatoka jina la jenerali na cheo chake. Upande wa pili akatoka mtakatifu mwenye mkuki.

Jenerali akausogeza muhuri karibu na macho.

"Huyu ni nani?"

"Mtakatifu Theodori, mheshimiwa," akasema fundi.

"Theodori yupi?"

Fundi akakohoa. Wako wawili, hata watoto wa Kharsiano wanajua: Theodori Jenerali na Theodori Kuruta.

"Kuruta."

Jenerali akauweka muhuri mezani.

"Mzee Kyriakos, jenerali mzima nilindwe na kuruta? Tukikutana mbinguni, nani atampigia mwenzake saluti?"

"Yule mwingine ndevu zake zina ncha mbili, mheshimiwa. Na macho yangu siku hizi..."

"Kachonge jingine."

"Litakuwa tayari ngano ikishaoza."

"Mheshimiwa, mbinguni hakuna vyeo," Evaristos akasema, na aliliamini hilo kwa moyo wake wote.

"Hakuna? Na malaika mkuu anaitwa mkuu kwa unene wake?"

Anthousa, mke wa jenerali, aliyekuwa akishona dirishani, akainua kichwa, akamwita kwa jina la mtoto wao.

"Baba Leo, siku ile farasi wako alipozama mtoni, ulimwita nani?"

"Theodori. Ndiyo maana nikamtaka kwenye muhuri."

"Theodori yupi?"

"Mama Leo, maji yalishanifika puani. Ningeanza kuulizia cheo?"

"Kwa hiyo hujui ni yupi aliyekuja."

Jenerali akautazama tena ule muhuri, safari hii kwa adabu kidogo.

"Mimi nadhani jenerali asingeingia kwenye matope yale," Anthousa akaongeza, sindano yake ikiendelea. "Kazi za namna hiyo hutumwa makuruta."

Petronas akavua kofia, akaubusu muhuri. "Endeleeni," akasema.

Wakagonga mpaka mchana. Barua ya mwisho ilikuwa ya Krenites, kamanda wa ngome ya kaskazini, mtu aliyeishi kwa kuwacheka wenzake. Jenerali akamwinamia karani.

"Kijana, hii ibane kilegevu. Sura isitoke vizuri."

"Usiposomeka atasema ni wa bandia, mheshimiwa." Evaristos akasema. "Na watu wake hawataenda nyumbani."

Jenerali akashusha pumzi ndefu.

"Basi bana sawasawa. Acha mpuuzi yule acheke."

Kisha akampokonya fundi nyundo, akagonga mwenyewe, kwa nguvu kiasi kwamba ungeweza kuzihesabu ndevu za kuruta.