Geti la Mji Wetu

Immaculée alikuwa msusi. Alitoka Burundi akiwa msichana, akaishi kambini Kakuma hadi alipohamishiwa makazi ya Kalobeyei, na huko ndiko alikofungua saluni yake ya mabati. Wateja wake walikuwa Wakongo, Wasudani na wanawake wa Kiturkana, na kwa kuwa kusuka kunachukua muda, alikuwa amesikia kila aina ya malalamiko kuhusu maisha ya hapo. Kwa hiyo shirika moja lilipotangaza shindano la kubuni mji ambao wakimbizi na wenyeji wangependa kuishi pamoja, alikwenda kujiandikisha siku hiyohiyo.

Mji wenyewe haukuwa wa kujengwa. Ulikuwa wa kufikiria tu. Kila kundi lingetengeneza mfano wa maboksi na udongo, kisha lieleze mbele ya waamuzi kule Lodwar jinsi mji wake utakavyoendeshwa. Immaculée alipangwa na Akidor, mwanamke wa Kiturkana aliyeuza mbuzi Kakuma, na Omollo, ofisa wa mipango aliyehamia Lodwar kutoka upande wa Homa Bay. Omollo alikuwa mpole, anasalimia kila mtu kwa Kiturkana, "Ejok, ejok," hata watoto.

Walikutana katika ukumbi wa kanisa Kakuma, na Immaculée hakukumbuka kama aliwahi kufurahia kazi namna ile. Akidor alitaka barabara pana za mbuzi na ngamia kupita katikati ya mji hadi kwenye maji.

"Kama mbuzi haina njia, hiyo si mji," alisema. "Hiyo ni jela."

Immaculée akaleta sheria yake: mgeni akifika, asiulizwe anatoka wapi mpaka awe amekula. Walibishana kuhusu kesi za wizi, kuhusu nani atafagia soko, kuhusu makanisa kupiga spika usiku. Waliamua kwamba kila mtu atafagia zamu yake, hata chifu, na Omollo akacheka mpaka akafuta machozi. Akidor alifinyanga watu wadogo wa udongo, wanawake wenye shanga shingoni na madumu kichwani, akawapanga njiani kuelekea bombani, wakimbizi na Waturkana wamechanganyika hata huwezi kujua nani ni nani.

Omollo aliubeba mfano huo kwa gari kwenda Lodwar ili aumalizie rangi.

Siku ya shindano, wanawake hao wawili walifika Lodwar wamejaa vumbi, wakaingia katika hoteli lilikofanyika shindano, iliyojaa harufu ya nyama ya kukaanga. Mfano wao ulikuwa mezani umefunikwa kitambaa cheupe. Omollo, ndani ya suti, akawapa mkono.

"Mama Immaculée, mama Akidor, leo tunashinda. Nimeurekebisha kidogo tu."

Walipoitwa mbele, akafunua kitambaa.

Kitu cha kwanza alichokiona Immaculée kilikuwa ua. Ua wa vijiti vilivyopakwa rangi ya fedha, umeuzunguka mji wote, na bomba la maji limebaki ndani. Upande mmoja palikuwa na geti, na nje yake vibanda vidogo vyenye kibao: Eneo la Wageni. Barabara ya mbuzi ilikuwa imegeuzwa maegesho ya magari. Na wale watu wa Akidor walikuwa wameng'olewa njiani, wakapokonywa madumu, wakabandikwa kwa gundi katika mstari mmoja kando ya geti, mikono imekunjwa juu kama wanaocheza ngoma. Kibao chao kilisema: Kijiji cha Utamaduni.

"Hapa," Omollo alikuwa akiwaeleza waamuzi, "watalii wataona ngoma za wenyeji kabla ya kuingia. Na wageni, yaani wakimbizi, wataingia asubuhi kufanya kazi, saa kumi na mbili jioni geti linafungwa. Kila mtu yuko salama. Na mgeni yeyote analishwa kabla ya kuulizwa anatoka wapi. Hiyo ni roho ya mji wetu."

Immaculée alisogea karibu na meza. Ile sheria yake! Ilikuwa imetolewa kinywani mwake na kuvalishwa geti.

Akidor aliinama akawatazama watu wake wa udongo. Gundi ilikuwa imewatiririka miguuni, ikakauka kama kamasi.

"Nani aliwaambia wacheze?" aliuliza. "Hawa walikuwa wanaenda maji."

Akamshika mmoja amng'oe, mwili ukakatika, miguu ikabaki mezani. Immaculée naye akashika ua kwa mikono miwili, akavuta. Vijiti vikavunjika kwa kelele, geti likaanguka chini.

Kisha mwamuzi mkuu, mwanamke mwenye miwani, akasimama na kuanza kupiga makofi. Wengine wakafuata.

"Nzuri sana!" alisema. "Ua unavunjwa na wanawake wenyewe! Mmeigiza vizuri kweli."

"Hatuigizi," Immaculée alisema. Makofi yakammeza. Omollo alikuwa tayari anainama kushukuru, mkono kifuani.

Walishinda. Walipoitwa kupiga picha, Akidor alitema mate pembeni ya zulia, akamshika Immaculée mkono, wakatoka. Nje, kwenye jua kali, Immaculée alijifuta viganja kwenye ukuta wa hoteli tena na tena, lakini rangi ya fedha haikutoka.

Wiki iliyofuata Omollo alifika Kalobeyei kwa bodaboda. Immaculée alikuwa anamsuka mteja, na hakumkaribisha kiti.

"Tunatakiwa Nairobi kuuonyesha mfano wetu," Omollo alisema. "Wanataka kumsikia mkimbizi mwenyewe. Mama, mimi najua watu wa ofisini. Bila kutaja usalama wasingetusikiliza hata dakika moja. Nilifanya kwa faida yetu sote."

"Ulimweka Akidor nje ya maji yake mwenyewe."

"Ni maboksi tu!"

"Basi nenda na maboksi yako."

Alikwenda. Hakukosa mkimbizi mwingine wa kwenda naye. Picha zilipofika kwenye simu, Immaculée alimwona Sylviane, Mkongo wa mtaa wa pili, amesimama kando ya mfano ule. Ua ulikuwa umetengenezwa upya, mrefu zaidi. Sylviane alikuwa anatabasamu, kidole chake juu ya kile kibanda cha kwanza nje ya geti.

Jumamosi Sylviane mwenyewe akaja kusukwa. Immaculée alianza kazi, hana hamu hata ya kumtazama.

"Dada, hiki kibanda ni changu," Sylviane alisema, akifungua ile picha kwa furaha. "Monsieur Omollo alisema nikiongea vizuri, wakijenga watanipa. Mimi na mama. Hata nje ya geti si mbaya, eh? Siku moja watatufungulia."

Vidole vya Immaculée vilisimama kichwani mwake. Hasira aliyokuwa nayo juu ya mwanamke huyo iliisha papo hapo, ikabaki chukizo tupu, lile la kumkuta mtu anakula chakula kilichooza na kukisifia.

"Sylviane," alisema. "Hakuna anayejenga. Tangu mwanzo ulikuwa mchezo wa kufikiria."

"Lakini aliniapia."

"Najua."

Sylviane aliizima simu, akaiweka mapajani. Nje, lori la maji lilipita likinguruma. Akauliza, sauti ndogo:

"Mama nimemwambia tayari. Ameanza kufunga vitu. Nitamwambia nini?"

Immaculée akaweka chanuo chini.

"Twende," alisema. "Nitamwambia mimi."

Wakatoka, Sylviane nusu ya kichwa imesukwa na nusu nywele zimesimama.