Dada Odessa na Wimbo wa Sadaka

Nusu ya nywele za Odessa Tolliver ilikwisha kunyooshwa kwa kitana cha moto, nusu nyingine ingali imesimama kama iliyopokea habari mbaya, redio ya saluni ilipoanza kupiga wimbo wake. Ndio ule aliopiga kwa kinanda kanisani kwa miaka ishirini na miwili, vikapu vya sadaka vikizungushwa. Sasa mwanamume aliuimba akimbembeleza mwanamke amfungulie mlango.

“Si Luther huyo?” msusi aliuliza. “Yule uliyemfundisha kwaya?”

Odessa alichukua mkoba, akatoka na kichwa chake vilevile. Mji mzima wa Memphis ulimpisha njia.

Alimkuta Luther Gaines na wenzake katika ghala la samani lililogeuzwa studio. Luther alimtazama kichwani, kisha akatazama viatu vyake mwenyewe.

“Karibu, mama.”

“Umeniibia wimbo, Luther. Hilo namwachia Mungu. Lakini hata kuiba hujui. Mbona unaukimbiza kama umeona mbwa? Mtu anayebembeleza hana haraka. Sogea.”

Aliketi kwenye kinanda, akikusudia kumwonyesha mistari miwili tu. Lakini mpiga ngoma akamfuata nyuma kidogo, kwa mwendo wa mtu aliyeshiba. Gitaa la besi likaingia. Na Odessa, aliyekuja kuzima moto, akajikuta ndiye kuni. Alipoinua uso, fundi wa mitambo alikwisha kunasa wimbo wote.

“Kwenye santuri tukuandike nani, mama?”

“Msiniandike. Mashemasi wakijua, watampa mtu mwingine kinanda changu. Na tangu mume wangu afe, sina mwenzi mwingine.”

Ule wa kwanza wa redioni ulifia palepale mjini. Huu mpya ulipanda treni na watu waliokwenda kutafuta kazi kaskazini, na kabla ya Krismasi Verlene, dada yake Odessa aliyeolewa na mchungaji huko Chicago, alipiga simu.

“Kuna santuri ya huko kwenu, vijana wameileta hadi nyumbani kwangu. Mpiga kinanda anapiga kama wewe kabisa. Watu hawana haya. Humjui?”

“Tumeonana mara moja.”

“Kanisani anafika kweli?”

“Hakosi.”

“Basi nitamwombea.”

“Mwombee.” Odessa alibana simu sikioni. “Hebu sogeza simu kwenye gramafoni, nami niisikie hiyo dhambi.”

Alisikiliza akiwa amefumba macho. Kule saluni aliusikia kwa hasira. Kule studio hakuusikia, aliupiga tu.

“Umesikia mambo hayo?” Verlene aliuliza.

“Simu inakwaruza,” alisema Odessa, akivuta kiti kwa mguu. “Ianzishe tena tangu mwanzo.”